Nobu ya Tano

Nne zimeingia bila ubishi.
Ya tano inacheza kama jino la mtoto.

Nilikwenda Kiboriloni siku ya soko,
enkoda mfukoni, nimeifunga kwa karatasi ya daftari,
nikapekua kopo la Mama Aikande:
nobu za majiko ya umeme, za redio zilizokwisha kufa,
moja ya mashine ya kufulia, nene kama andazi.
"Ya nini?"
"Ya kinanda. Ninakiunda mwenyewe."
Akakitazama kidole changu kilichoungua kwa kulehemu,
akanisogezea kopo.

Tundu la duara halishiki mhimili wenye shavu bapa.
Mhimili wa meno kumi na nane unataka kumi na nane,
si kumi na saba na matumaini.

Nyeusi moja ikakaa. Tik, ikaitika. Tik.
Ina mstari mweupe usoni
na mabaki ya namba: sita, saba.
Lakini enkoda haijui sita.
Haina sifuri, haina ukomo,
inazunguka na kuzunguka, inahesabu hatua tu.
Mstari huu utadanganya.

Mia tano. Nikalipa.

Usiku, Pasua, umeme umerudi saa nne.
Nimeshika kisu niukwangue ule mstari,
nikakuta ubavu mmoja wa nobu umelika
pale dole gumba la mtu
lilipokuwa likipunguza sauti, miaka na miaka,
watoto wamelala.

Nimeuacha.
Nimeanzia hapo hapo, chini kidogo,
mlio usioamsha jirani.