Kifungu cha Saba, Aya ya Tatu

Mimi ndiye niliyeupiga chapa Mwongozo wa Sera za Ndani,
toleo la nne, kurasa sitini na mbili,
kwa kompyuta ile ambayo herufi n hukwama
hadi uibonyeze kama mtu anayeponda kupe.
Chuo cha uuguzi, Kakamega, ghorofa ya juu,
mvua ya saa tisa ikilitwanga bati
mpaka kamati ikalazimika kupiga kelele
ili ikubaliane juu ya utulivu kazini.

Makoti meupe yalikula asubuhi nzima:
mkufunzi aingie nalo kantini, au alivue mlangoni?
Kura nne kwa tatu, alivue.
Mhadhiri asimtahini mpwa wake. Kikapita.
Asipokee kuku wa mwanafunzi muhula wa mitihani.
Bwana Amukowa wa uhasibu akauliza, "Na baada ya mitihani?"
Nikaandika "kicheko" katika kumbukumbu, kisha nikakifuta.

Ndipo ikaja likizo ya msiba.
Siku tano, kwa aliyefiwa na jamaa wa karibu,
yaani mume, mke, mtoto, baba, mama.
Daktari Shitsama, Mkuu wetu, akasema jamaa sharti wahesabike,
la sivyo chuo kizima kitahamia matangani.
Mwaka jana, alisema, dereva alizika nyanya watatu.
Dereva hana kiti katika kamati.
Mimi ninacho, lakini kifungu cha pili kinasema
karani huandika, hachangii.

Aprili, Nasambu alipofariki kule Chwele,
niliandika barua: nimefiwa na mama mdogo.
Ikarudi na mstari mwekundu chini ya neno "mdogo".
Sijui nani aliifundisha kalamu ile
kwamba mama hupimwa kwa rula.
Aliyenizaa namjua kwa picha ya kitambulisho.
Nasambu ndiye aliyenichana nywele kwa uma,
akauza ndama nikasomea uhazili,
akawa anasema "mwanangu yuko ofisini"
kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto Kuywa.
Nilipewa Jumamosi,
siku ambayo hata hivyo si ya kazi.
Nikakaa hadi Jumanne, na ule udongo.
Mshahara ukaja umepungua siku mbili.

Basi nilipofika kifungu cha saba, aya ya tatu,
niliandika kama walivyosema:
mume, mke, mtoto, baba, mama
na kishale kikabaki kinapepesa kabla ya nukta,
mgeni mlangoni asiyejua kama amealikwa.
Nikaongeza maneno matatu.
*Au aliyemlea mtumishi.*
Nikayafuta. Nikaenda kunywa chai, ilikuwa imepoa.
Nikayarudisha.
Kifungu cha kumi na tisa, nilichokichapa mwenyewe juzi,
kinataja adhabu ya anayechezea hati za chuo:
barua moja tu, na funguo mezani.

Ijumaa Mkuu akasoma kwa sauti,
wengine wakifuata kwa vidole.
Mume. Mke. Mtoto. Baba. Mama.
Akatua.
Nje wingu lilikuwa bado halijaamua.
Nilitazama viatu vyangu, nikaona kimoja kina tope la Chwele
ambalo miezi yote hii sikuwa nimelisugua,
au labda lilikuwa tope la hapa hapa.

Bi. Kerubo wa ukunga,
ambaye siku ile ya makoti hakutamka neno,
akasema bila kuinua macho,
"Au aliyemlea. Ndivyo tulivyosema."

Amukowa alifungua kinywa.
Nadhani alikumbuka mtu.
Mkuu akalowesha kidole, akageuza ukurasa,
akaanza kifungu cha nane, matumizi ya magari.

Nami nikaandika: kimepita bila pingamizi,
ile n nikaibonyeza mara mbili.