Kuhesabu Mpaka Tatu

Bi Nyamizi kaileta asubuhi, mapipa manne ya asali bado nyuma,
na nyuki watatu wakaidi walioifuata pikapu kutoka Sikonge.
"Inanipiga teke," kasema, akishuka na mkono kiunoni,
"kutoka ya pili kwenda ya tatu, kama punda aliyeguswa kidonda."
Dereva wake, Lubinza, kabaki kivulini mwa kontena
akichonga kijiti kisichohitaji kuchongwa.

Hapa Cheyo kila mtu ni daktari.
Wa matairi kasema boksi limekufa, tafuta la mtumba.
Wa betri kasema gari hizi zina ubongo, na ubongo huugua.
Muuza chai, asiyemiliki hata baiskeli,
kasema selenoidi, kwa sauti ya mtu aliyeizaa.
Mimi nikanawa mikono.

Kwanza niliiacha ingurume mpaka ikashika joto,
uwanja tambarare, breki imekanyagwa.
Nikaitoa kwenye N, nikaitia D, nikahesabu.
Moja.
Mbili.
Gari kimya, kama mtu aliyeitwa na hataki kuitika.
Tatu,
kishindo! Glasi ya chai ikaruka kwenye boneti ya jirani.

Gia nzima haikawii hivyo.
Gia nzima huitika kabla hujamaliza kutaja jina.

Nikachomoa stiki.
Oili njema ni nyekundu, choya iliyochujwa mara mbili.
Iliyoungua hunuka ukoko wa jana.
Hii haikuwa hii wala ile:
rangi ya maji ya Igombe baada ya mvua,
na povu juu.
Nikadondosha tone kwenye daftari kuukuu la binti yangu,
juu ya hesabu za kugawanya,
tukangoja.
Oili ya gia husambaa upesi kama habari ya harusi.
Hii ilikaa kitako,
ikajizungushia pete nyeusi, haitaki kuhama.

Nikaijua. Miaka sita niliipaka hadi viwikoni
kwenye matrekta ya tumbaku, Urambo.

"Lubinza. Nani aliongeza oili?"
Moja.
Kijiti kikasimama.
Mbili.
Treni ya Mpanda ikapiga honi, lakini sikuwa nimeiuliza yenyewe.
Tatu,
"Mimi!" Kwa kishindo, hata nyuki wakahama pipa.

Kisha akateremka gia moja moja:
kisiki porini, bomba la kupozea limekwaruzwa,
oili imelia njia nzima usiku.
Na pesa ya oili halisi, aliyopewa mkononi,
ilikuwa imekwisha Kitete, kwa mtoto mwenye degedege.
Akaomba kidebe kwa mwenye trekta.
"Giza lilikuwa, fundi. Nikasema oili ni oili."

Nikaimwaga yote. Sinia nikaifungua roho juu juu:
sumaku imeshika vumbi tu, laini kama unga wa muhogo,
hakuna kipande cha chuma.
Namshukuru Mungu kwa mambo madogo kama hayo
kuliko kwa makubwa.
Bomba tukaliziba. Oili mpya tukaipitisha mara tatu,
ya tatu ikatoka na wekundu wake.

Tukaenda mpaka Ipuli na kurudi.
Ya tatu iliingia kama mtu aliyechelewa msikitini,
viatu mkononi, bila kumgusa mtu bega.

"Ilikuwa nini?" kauliza Bi Nyamizi.
Mimi nami nikakawia. Nilijisikia.
"Bomba lilitoboka, mama. Na oili iliyokuwamo haikuwa yake."
Kweli tupu, pungufu jina moja.

Akanilipa nusu pesa, nusu asali.
Akafunga pipa la mwisho, kisha, bila kugeuka:
"Lubinza, mtoto amepona?"
"Amepona."
Hakuchelewa hata kidogo.
"Vizuri. Hela ya oili nitaikata mwezi wa sita."