Kichupa Ndani ya Kiatu

Kimelala ndani ya kiatu changu cha zamani cha mpira,
wiki ya tatu sasa, pamoja na sindano zake.
Kacper aliniuzia, ukumbi ule wa chini ya reli, Katowice:
"Irek, thelathini na sita si uzee,
ila mwili umeshaaga."

Umeaga kweli. Vyuma vilevile
vinaniuliza jina.

Daktari kanionyesha karatasi: damu safi.
Moyo wa marehemu baba haumo kwenye karatasi,
ule uliozima ghafla
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Usiku nakiinua kichupa taani.
Mafuta tu, rangi ya chai changa.
Binti yangu agonga mlango wa bafu.
Huku baba huitwa tata.
"Tata, unahesabu nini?"

Nahesabu. Bado.