Mistari ya Chumvi

Alikuja Jumanne, treni ya Kigoma ikiwa imechelewa,
akakaa kwenye benchi la dawati letu la jinsia, hapa Uvinza,
kikapu magotini, kama anayesubiri kuitwa kliniki.
Nikavuta fomu. Mkono wangu unaijua peke yake.
Jina: Perajia Ntabindi.
Mume: Rusengo, mpima mizani kiwanda cha chumvi.
Jeraha, na mahali lilipo:

hapo kalamu ikasimama.

"Hajanipiga, afande," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.
"Miaka tisa. Hata kofi."

Akatoa chupa ya plastiki, zamani ilikuwa ya asali,
ina chumvi nusu,
na ubavuni mistari ya wino mweusi,
kila mstari na tarehe yake.
Kila Jumapili mume huiinua mkabala na dirisha.
Chumvi ikishuka chini ya mstari: nani alikula?
Ikibaki juu ya mstari: kwani ulikula kwa nani?

Na mji wenyewe ndio huu!
Chumvi inachemka kutoka ardhini,
mbuzi wanailamba bure kando ya Ruchugi,
watoto wanakwenda nayo shule visiginoni.
Yeye anapimiwa.

Kisima, dakika kumi na mbili, kwenda na kurudi.
Simu hulala chini ya godoro, upande wa mume.
Barua ya mama yake kutoka Nguruka
alisomewa kwa sauti, ikiwa imepungua.
"Anakufungia mlango?" nikauliza.
"Mlango wetu hauna hata komeo."

Baraza la kata lilikwisha kukaa.
Analewa? Halewi.
Mnalala njaa? Hatulali.
Ana mwanamke nje? Hana.
Mwenyekiti akacheka mpaka akavua miwani:
wenzio wanafunga na kuomba wapate wa namna hiyo.
Wakaagiza soda mbili za suluhu.
Rusengo akalipa, akahesabu chenji.

Na sajenti wangu, mtu mwema, ana mabinti watatu,
akaigeuza ile chupa mkononi:
"Koplo, hapa tunapokea damu. Hii nayo niiandike wapi?"
Sikuwa na jibu. Niliandika kwenye fomu, palepale pa jeraha:
Tazama chupa.

Mahakama ya Mwanzo, mvua juu ya bati,
hata kiapo hakikusikika vizuri.
Hakimu, binti mdogo kuliko sisi sote,
alingoja mvua ipungue.
"Mwandiko huu ni wako?"
"Wangu, mheshimiwa." Akajinyoosha.
"Kazini kwangu hakuna gramu inayopotea."

Hapo hakimu akaanza kusoma tarehe.
Zote.
Moja moja, bila haraka, akiizungusha chupa,
na penye Agosti akasogeza macho karibu,
kwa kuwa pale, kando ya mstari, kulikuwa na maneno mawili:
*Alicheka sana.*

Nimekaa miaka sita kwenye dawati lile.
Sheria ya ndoa, inapotaja ukatili, inasema wa mwili au wa akili.
Hilo neno la pili lilikuwamo kabla sijazaliwa,
na siku hiyo ndiyo kwanza nilisikia mtu akilitamka
mbele ya mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi.

Kesi imeahirishwa. Itatajwa tena tarehe kumi na nne.
Chupa ni kielelezo, iko kabatini, imebandikwa namba.
Rusengo amerudi kwenye mizani yake,
na magunia yote, nasikia, yako sawasawa.

Perajia yuko kwa dada yake, nyuma ya stesheni.
Jana alipita kwangu na ndoo tupu.
"Afande," akauliza,
"kisima cha huku ni dakika ngapi?"
Nikamwambia sijui.
Akabaki amesimama mlangoni,
akingoja nijue.