Pishi ya Mfuto

Kazi yangu ilikuwa kijiti.
Kijiti cha mti mgumu, urefu wa mkono wangu,
cha kufutia shayiri mdomoni mwa pishi
siku za kodi, Novemba, mbele ya ghala la bwana
katika bonde la Morava.

Hati ya zamani ilisema: pishi thelathini kila shamba.
Haikusema za mfuto, haikusema za tele.
Walioiandika waliona haya kueleza lililo wazi,
na pengo hilo la neno moja
likapitisha magari ya farasi miaka mia.

Karani Matouš hakunikataza kufuta.
Alisema tu, "Ngoja kwanza,"
akamimina mpaka shayiri ikasimama kichuguu,
ikaanza kuporomoka ubavuni,
ndipo akahesabu: "Moja."
Iliyomwagika juu ya turubai
haikurudi guniani.

Vendula Hrubá, mjane, mkono mmoja umesagwa na jiwe la kinu,
alikwenda mahakamani na pishi tupu kwapani.
Akaitua mezani kwa hakimu.
"Nionyeshe ukingo uko wapi.
Mimi nikibakiza gunia la mbegu, mnaliita ziada, mnalitoza.
Ninyi mkibeba kichuguu kilicho juu ya ubao, mnakiita desturi.
Basi ziada ni kile kilichozidi,
au ni kile kilicho kwangu?"

Hakimu akapekua vitabu vitatu vya Kilatini.
Ziada ni kinachopita haki, akasoma.
Haki ni iliyozoeleka.
Na iliyozoeleka...
akafunga kitabu. Harufu ya bata wa kuokwa
ilikuwa imeshapanda ngazi.

Hukumu: ngano ipimwe kwa mfuto,
shayiri ipimwe kwa tele.
Bondeni kwetu mwenye ngano ni bwana peke yake.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Ila haba ya mwisho,
ile isiyogusa ubao, iliyokalia wenzake tu,
hakuna methali inayosema huenda kwa nani.

Usiku ule nilivua koti jikoni.
Punje zikadondoka kutoka upindo wa mkono: kumi na tisa.
Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiwatupia kuku
bila kuwaza.
Nikazihesabu tena.
Nikavaa viatu, theluji ikanifika magotini,
hadi kwenye taa ya Vendula.

Alifungua mlango nusu.
Akakitazama kiganja changu kwa muda.
"Hizi," akauliza, "za mfuto au za tele?"