Alikuwa Anadaiwa na Nani

Jumamosi, saa kumi, nyuma ya duka la Dossaji,
ukutani saa mbovu zimetundikwa
kila moja na wakati wake,
Profesa Mwakio aliingia kwa ubavu
(mlango mwembamba, tumbo la mstaafu)
akazitazama, akacheka:
"Hawa ndio mashahidi wangu.
Wote wameapa. Hakuna wawili waliokubaliana."

Tulikuwa watano. Bi Rukiya, muuguzi wa zamani,
na chupa yake ya kahawa ya tangawizi;
Dossaji na ile darubini ndogo jichoni;
Mwalimu Tsuma, mbishi,
aliyesoma gazeti kuanzia matangazo ya vifo;
na mimi, karani wa bandari, miaka thelathini
nikihesabu magunia ya watu wengine.

Kila hadithi tuliyomletea,
ya gavana, ya mudiri, ya jirani aliyeuza kiwanja,
aliisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani:
"Nani kaandika? Na alipoandika,
alikuwa anadaiwa na nani?"

Nami nilikuwa na yangu.
Babu yangu Fakihi, nikasema,
ndiye aliyepanda juu ya kasha la chai mwaka wa mgomo,
makuli wakamsikiliza, kreni zikanyamaza.
Nimeipokea kwa baba.
Profesa akaiandika kidaftarini. Hakuuliza neno.
Ningemjua vyema, ningeogopa.

Miezi mitatu baadaye akaja na karatasi moja,
nakala iliyofifia, akaisoma kwa sauti.
Jina la babu limeandikwa kama lilivyosikika
kwenye sikio lisilotaka kusikia.
Mbele yake: amerejea kazini, siku ya tatu.
Na mgomo ulikuwa bado mbichi.

Sikumwaga kahawa. Niliiweka chini taratibu,
nikavaa viatu, nikaenda zangu.
Jumamosi nane sikutia mguu kwa Dossaji.

Ya tisa, hodi, mlangoni kwangu Majengo.
Profesa, shati limerowa jasho,
mkononi mahamri yamefungwa gazetini.
Hakuomba radhi kwa ile karatasi.
Aliomba radhi kwa kuisoma mbele za watu.
Kisha: "Mwaka ule, babu yako
alikuwa na watoto wangapi nyumbani?"
Nikahesabu kwa vidole. Saba.
Na mmoja mgonjwa wa surua.
"Basi andika na hilo. Karatasi haikuwajua watoto.
Wewe unawajua. Aliyerudi kazini naye ana historia,
ila hana wa kumpandisha juu ya kasha."
Tukala mahamri, kimya.
Yule wa surua alikuwa baba yangu.

Mwezi wa Julai tulimpeleka kwao, Mgange.
Baridi ya milima ikamkuta Dossaji na shati la Mombasa.
Msemaji mmoja akapanda: msomi, mzalendo, mwanga wa taifa.
Tsuma akaninong'oneza: "Na huyu, anadaiwa na nani?"
Tukacheka kando ya kaburi, Mungu atusamehe.
Bi Rukiya akajiziba uso kwa leso,
mabega yakimtikisika. Watu wakadhani analia.
Hawakukosea.

Mwanga wa taifa, sijui.
Mimi namjua mtu aliyekosea mwaka mmoja
wa lile daraja la kuelea la Nyali,
akakataa mwezi mzima,
kisha akaja na keki, akakubali,
akala vipande vitatu mwenyewe.

Jumamosi hii tuko wanne.
Juu ya kiti chake Dossaji ameweka katoni ya betri,
akaiondoa, akairudisha, akaiondoa tena.
Ukutani saa zinabishana na hakuna anayezicheka.
Tsuma hataki kulishika gazeti.

Wameniambia niandike neno, mimi ndiye karani.
Nimeandika. Nimevua miwani.
Nani kaandika?
Mjukuu wa Fakihi, aliyerudi kazini siku ya tatu.
Anadaiwa na nani?
Na wewe, Profesa. Deni refu, na sina haraka ya kulimaliza.
Ila kalamu zangu sita, zile za buluu,
ulizoazima ukaenda nazo,
hizo bado hatujaelewana.