Mzunguko wa Thelathini na Nane

Radim aliniwekea mchezo huu mwezi wa pili,
usiku wa mwisho kabla hajapanda lori la Rotterdam.
"Utanishukuru, mama," akasema, akifunga begi,
akaniachia timu ya mkiani,
deni la milioni nne
na karakana inayovuja.

Mchana niko bohari ya tramu, hapa Brno,
nagonga mihuri kwenye karatasi za zamu.
Jioni navua viatu, nachemsha supu ya vitunguu saumu,
na kwenye meza ileile ya kukatia mkate
naajiri, nafukuza, nabembeleza wafadhili.

Mfadhili wangu mkuu anauza magodoro.
Nilipowasimulia wenzangu, walicheka hadi chai ikawapalia:
"Ndiyo maana gari lako limelala!"
Asiyejua bei ya bawa la mbele
acheke tu.

Nina madereva wawili.
Halász, mshahara mnene, masikio ya nta:
ukimwambia punguza mwendo, hujibu "Nimesikia,"
kisha hukanyaga.
Na Quaresma, miaka ishirini,
anayetafuna matairi kama mchwa aliyepata mlango mpya.

Ilinichukua muda kulikubali jambo hili:
sishiki usukani.
Naweza kupima mafuta, kuchagua tairi,
kusema kaza, tulia, ingia.
Basi.
Halafu nakaa, mikono mapajani,
natazama kidoto cha kijani kikiizunguka ramani
kama nzi ukingoni mwa bakuli.

Kwenye simu yangu kuna ramani nyingine.
Kidoto chake ni cha bluu.

Leo, mzunguko wa thelathini na tano, wingu.
Mhandisi anaandika: mvua, asilimia arobaini.
Arobaini! Hiyo ni lugha ya mtu asiyetaka kulaumiwa.
Timu kubwa zimebaki barabarani,
wao wana pesa za kukosea.
Na hapo, kwenye kioo cha jikoni,
tone moja, la kweli, likateremka.
Mvua ya Brno haina undugu na mvua ya kompyuta,
najua, sijarukwa na akili.
Lakini kidole hakikuniuliza.
Ingia, Quaresma.

Nati ya gurudumu la kushoto ikagoma.
Sekunde tisa.
Nikatukana matusi ya marehemu baba, mchomeleaji,
ambayo sikujua kama bado ninayo.

Thelathini na sita, kukavu.
Thelathini na saba, kukavu bado,
matairi ya mvua yanaokwa juu ya lami,
kila mwenye gari anampita mtoto wangu wa kukodi,
nami nimeshika kijiko, supu imeganda.

Thelathini na nane,
mbingu zikapasuka.
Magari ya mamilioni yakazunguka kama pia,
yakabusu kuta, yakalala changaraweni,
na kidoto changu kikapita katikati yao, pole pole,
kama mama mwenye trei ya mayai.
Wa kumi na sita. Wa kumi na mbili.
Wa kumi.

Pointi moja.
Misimu mitatu, pointi moja.
Bodi ikaniletea ujumbe: "Wamiliki wameridhika kiasi."
Nimetumikia bohari miaka ishirini na sita;
hiyo "kiasi" sijawahi kupewa.

Saa tano usiku Radim akapiga,
kando ya barabara kuu, karibu na Würzburg,
wipa zikikwaruza.
"Umekula?"
"Nimekula."
Uongo, una sauti yake.
"Tumepata pointi moja."
Akacheka kicheko cha zamani, cha kabla ya leseni.
"Ulimwita mapema?"
"Mapema mno. Na tairi zako?"
Kimya kidogo.
"Za nyuma zimekwisha meno. Tajiri anasema zitafika mwisho wa mwezi."
"Na mvua?"
"Wanasema labda."

Nikatafuta kitufe mezani,
kati ya makombo na kijiko.
"Ingia, Radim," nikasema. "Lala hapo hapo. Mzigo utangoja."

"Nimesikia," akajibu.

Kidoto cha bluu kikakaa kidogo,
kisha kikaanza kusogea.